Kiinua Mgongo Si Mtaji wa Mtoto

Mzee mwenzangu anayekaribia kustaafu ameniandikia akiuliza kama ni busara kumpa mwanawe wa miaka 32, mwenye shahada, sehemu ya kiinua mgongo ili afungue duka. Jibu langu ni hapana. Sisi tuliolipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, chini ya kanuni iliyoanza Julai 2022 tulipata mkupuo wa asilimia 33, na kinachobaki kinakuja kwa vipande vya kila mwezi. Mkupuo ukishautumia, umekwisha.

Mwanangu wa kwanza alimaliza chuo akarudi nyumbani Morogoro, akawa kula kulala, akisubiri matangazo ya kazi za serikali kutoka Sekretarieti ya Ajira. Mafao yangu yalipotoka, alinijia na andiko la mradi wa kuku lililochapwa vizuri, huku wajomba zake wakiwa nyuma yake, ingawa hakuwa amewahi kufuga hata kifaranga. Nilimwambia kwamba nitamlipa mwenye nyumba kodi ya chumba ya miezi sita, na kwamba nitanunua vifaa vya kazi yoyote nitakayomkuta tayari anaifanya kwa mikono yake. Alinuna, kisha akaenda kujifunza ufundi wa friji kwa rafiki yake, nami nikatimiza ahadi. Leo analipa kodi mwenyewe, na sioni haya kujivunia jambo hilo.

Shemeji zangu waliniita mkatili. Katika harusi iliyofuata hawakuniweka kwenye kamati, ila kadi ya mchango waliikumbuka kuileta. Sijasahau.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, toeni kitu chenye jina na mwisho, wala si posho isiyo na tarehe, na mlipeni mwenye nyumba au muuza vifaa moja kwa moja. Kubalianeni kwanza mume na mke, kwa maana mwenzangu alikuwa akimtumia kijana fedha kwa simu bila mimi kujua, na ahadi yangu nusura ipoteze nguvu. Mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu ni jambo jingine, nalo silizungumzii hapa.

Wewe mzee, mtake kijana auze kwanza katika duka la mtu mwingine. Mwambie sasa, kabla fedha hazijaingia benki, kwa sababu zikishaingia ukoo mzima utakuwa na andiko la mradi.