Kaka, Fedha Zilikwenda Wapi

Shikamoo kaka, na salamu zangu kwa mama, shemeji na wote mliokuwapo kwenye kikao cha Jumapili. Uliniuliza mambo mawili mbele ya watu, nami kwenye simu nikakosa la kujibu: kwanza, imekuwaje mtu akae Uingereza tangu mwaka 2008 na kiwanja chake cha Pongwe bado kiwe majani matupu, pili, kama nitaweza kutoa pauni 800 kwa ajili ya harusi ya binti yetu mwezi Desemba. Maswali yote mawili yana jibu moja, na kwa kuwa hadi leo mama peke yake ndiye anayelijua, nimeona niliandike ili lisomwe na kila mtu, hasa vijana wanaojiandaa kuja huku.

Nilikuwa na madeni. Mwanzoni mwa mwaka 2017 nilikuwa nadaiwa pauni 17,400 na benki pamoja na kampuni za kadi za mkopo, achilia mbali pauni 640 za kodi ya halmashauri, yaani kodi ambayo wakazi wa nyumba huku huilipa halmashauri ya mji. Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya matunzo hapa Leicester kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho kuanzia Aprili 2016 kilikuwa pauni 7.20 kwa saa kwa mtu wa miaka 25 na zaidi. Nikifanya saa 40 kwa wiki, kilichoingia mkononi baada ya makato kilikuwa kama pauni 1,100 kwa mwezi. Deni lile, kwa hiyo, lilikuwa mshahara wangu wote wa zaidi ya miezi 15, bila kula, bila pango na bila nauli.

Halikuja kwa siku moja, wala halikutokana na anasa. Sehemu yake ilikuwa ada za viza, ambazo hulipwa kwa mkupuo kabla ombi halijasomwa. Sehemu nyingine ilikuwa upasuaji wa baba Muhimbili mwaka 2013, na tiketi ya kuja kumzika mwaka 2015, ambayo niliinunua kwa kadi usiku ule ule mlioniletea habari. Hayo siyajutii hata kidogo. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ndiyo ninayotaka muielewe vizuri. Kila mwezi nilituma nyumbani pauni 250, na mshahara ulipokwisha kabla ya tarehe 15, nilinunua chakula kwa kadi hadi mwisho wa mwezi. Fedha mlizopokea zilikuwa mshahara wangu halali, lakini mkate niliokula, basi nililopanda kwenda kazini na umeme niliowasha vilikuwa vya mkopo wenye riba, kwa hiyo hesabu ilikuwa ile ile kama ningekopa moja kwa moja na kuwatumia. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kusema sina, kwa sababu nyumbani mtu wa Ulaya akisema hana huonekana mchoyo, nami sikutaka mama asikie hivyo kwa majirani.

Kuhusu kadi zenyewe, naomba vijana wasome hapa polepole. Kila mwezi kampuni hukuandikia kiasi kidogo kabisa unachoruhusiwa kulipa, na ukikilipa huhesabiwi kuwa umekiuka mkataba, hivyo unalala ukidhani unalipa deni. Chukua kadi yenye deni la pauni 3,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi: riba peke yake ni pauni 60. Kama kiasi kidogo kinachotakiwa ni riba hiyo pamoja na asilimia 1 ya deni, utalipa pauni 90, na zinazopunguza deni lenyewe ni 30 tu. Mwezi unaofuata kiasi hicho kinashuka kidogo, nawe unashuka nacho kwa furaha. Ukienda hivyo hadi malipo yafike pauni 25 kwa mwezi na kubaki hapo, deni litakwisha baada ya miaka 15. Ukishikilia kulipa pauni 90 zile zile bila kushuka, na kadi hujaigusa tena, litakwisha kabla ya miaka 5 kutimia. Mimi nilikuwa na kadi tatu, mkopo mmoja wa benki, na akaunti iliyokuwa chini ya sifuri kila mwezi, na kwa miaka mingi nililipa kile kiasi kidogo nikijiona mwaminifu.

Kilichonizindua ni barua ya dalali wa mahakama. Nilikuwa na mtoto wa meza ambamo nilitupia barua zote bila kuzifungua, na humo ndimo ilimokuwa amri ya mahakama kuhusu kodi ya halmashauri. Dalali alipokabidhiwa kazi, barua yake tu iliongeza ada ya pauni 75, na hatua ya kuja mlangoni ingeongeza pauni 235 nyingine. Usiku huo nilifungua kila bahasha na kupanga karatasi sakafuni. Asubuhi nilipiga simu StepChange, shirika la hisani linaloshauri watu wenye madeni bila malipo. National Debtline na Citizens Advice nao hufanya kazi hiyo hiyo, pia bure. Nasisitiza bure, kwa kuwa wiki hiyo hiyo kampuni nyingine ilinipigia yenyewe ikitaka kuniingiza katika mkataba wa miaka mitano ambao ada zake zingetoka katika marejesho yangu, na mshauri ndiye aliyenieleza kwamba mkataba wa aina ile haukunifaa.

Jambo la kwanza mshauri alilonifundisha ni kwamba deni linalopiga kelele zaidi silo lazima liwe la hatari zaidi. Kampuni ya kadi inaweza kukupigia simu mara tano kwa siku, lakini pango, gesi na umeme, na kodi ya halmashauri ndivyo vinavyoweza kukutoa nyumbani, kukuacha gizani au kukuletea dalali, kwa hiyo hivyo hulipwa kwanza. Ile kodi iligawanywa, nikaimaliza mapema. Kisha tuliandika matumizi yangu yote: pango 425, huduma za nyumba na kodi 160, chakula 130, basi 60, simu 15. Zilibaki kama pauni 310, na kati ya hizo 290 zikagawiwa wadai kila mwezi kupitia kwa shirika, kila mmoja kwa uwiano wa anachodai. Sheria haikuwalazimisha kusimamisha riba, lakini walipoona hesabu waliisimamisha wote. Nililipa kuanzia Machi 2017 hadi Februari 2022, miezi 60.

Mtaona kwamba katika orodha ile hakuna pauni 250 za nyumbani. Mshauri hakuniambia niache kuwasaidia. Aliniuliza tu zingetoka wapi, nami sikuwa na jibu. Ndipo nikampigia mama. Nilimweleza kila kitu, na alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia kwamba yeye pia alikuwa anadaiwa na VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa kuwa alichukua mkopo kwa ajili ya sherehe ya mdogo wetu akiamini nitaulipa nikipandishwa cheo, cheo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimemdanganya kuwa kinakuja. Tulilia wote wawili. Tangu siku hiyo mama ameridhika na pauni 50 kwa mwezi, ambazo nilizipata kwa kuongeza zamu za Jumamosi, na hajawahi kunilaumu. Ninyi wengine mlisema nimebadilika, nami nilikubali lawama ile kuliko kusema ukweli. Katika hilo nilikosea, na nawaomba radhi.

Kumaliza kulikuwa kugumu, ila kutorudi ndiko kulikonishinda mara ya kwanza. Mwaka 2019 msiba wa mjomba ulipotokea, sikuwa na akiba hata pauni 20, nikakopa pauni 300 kwa kampuni ya mikopo ya muda mfupi, inayofanana na mnayoiita kausha damu. Tangu Januari 2015 sheria ya huku imeiwekea mikopo hiyo mpaka wa asilimia 0.8 kwa siku, na hata kwa mpaka huo nililipa pauni 372 baada ya siku 30. Fedha hizo 72 zilinifunza kwamba dharura za nyumbani si dharura. Misiba, harusi, ada za shule na magonjwa huja kila mwaka, na jambo linalokuja kila mwaka lina mahali pake katika bajeti. Kwa hiyo nilijiunga na chama cha akiba na mikopo cha hapa mjini, mfano wa SACCOS, na kila tarehe 28, kabla sijanunua chochote, naweka humo fedha za mfuko wa nyumbani. Nilianza na pauni 10. Nilipomaliza madeni ikawa 60. Likitokea jambo, nachangia kilichomo. Kisipotosha, nasema hakikutosha.

Rekodi ya madeni hukaa miaka 6 katika kumbukumbu za mikopo, na kwa muda huo nilikataliwa hata mkataba wa simu, na mwenye nyumba mmoja alinikatalia chumba. Nawaambia hili vijana ili wasidhani huku mtu anaweza kukopa, akakimbia na akasahaulika. Lakini pia wasiogope kuomba msaada mapema kuliko nilivyoomba mimi. Tangu Mei 2021, mwenye deni katika England na Wales anaweza kupitia kwa mshauri kupewa siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kumfuata wala kuongeza riba. Kwa mwenye kipato kidogo sana na asiye na mali, ipo amri ya kufutiwa deni baada ya miezi 12, ambayo tangu Aprili 2024 haina ada.

Kiwanja cha Pongwe nimeanza kukiwekea akiba mwaka juzi, katika akaunti ya peke yake, na nitajenga kwa kadiri ya kilichomo, hata kama msingi utakaa mwaka mzima ukisubiri matofali. Harusi ya binti yetu naitakia heri kwa moyo wote. Katika mfuko wa nyumbani leo zimo pauni 310. Kati ya hizo nitatoa 200, nibakize kidogo kwa ajili ya dawa za mama, na zitakufikia tarehe 28 mwezi huu. Pauni 800 sina, kaka, na sitazikopa.