Hatua za shauri la madai: anza na jalada, si orodha

Ndugu, umesema hatua za shauri la madai umezikariri zote, ila ukipewa jalada hujui uanzie wapi. Kumbukumbu yako haina shida. Unazisoma kanuni kama orodha, wakati karibu kila hati inayofunguliwa inamtaka mtu fulani afanye jambo ndani ya muda fulani.

Chukua jalada la shauri lililokwisha. Kwa kila karatasi jiulize: nani kaileta, anaomba nini, nani anapaswa kujibu, na siku zinaanza kuhesabiwa lini? Hilo la mwisho ndilo kazi ya msaidizi wa kisheria hasa. Mara nyingi muda wa kuleta utetezi huhesabiwa tangu mdaiwa alipofikishiwa wito, si tangu hati ya madai ilipofunguliwa. Ndiyo maana uthibitisho wa kufikisha wito, kikaratasi ambacho wanafunzi hukiruka, unaweza kuamua kama hukumu ya upande mmoja, ile inayotolewa mdaiwa asipojibu au asipofika, itasimama au itatenguliwa.

Mamlaka ya mahakama (kama inaruhusiwa kusikiliza shauri hilo) na ukomo wa muda (siku ya mwisho ya kulifungua) viangalie kabla ya kusoma ugomvi wenyewe. Ugomvi ni mtamu, hupoteza watu.

Na usiishie kwenye hukumu. Mteja anataka fedha yake, na kukaza hukumu, yaani kuitekeleza ili alipwe, kuna maombi yake na taratibu zake. Kujifunza rufaa kunaweza kusubiri kidogo.

Ukishahesabu tarehe, mwonyeshe wakili anayekusimamia kabla hujamtamkia mteja lolote.