Ukialikwa Palitana siku ya Chha Gau, jipange miguu na tumbo

Sisi wa Afrika Mashariki tunaosoma huku Gujarat kila ikifika Februari au Machi washkaji wa darasani ambao ni Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Kijaini ya huku India, wanatualika twende nao Palitana, na swali ninaloulizwa sana ni je inafaa kwenda kama wewe si wa dini yao. Inafaa kabisa, nenda. Ila nenda kama mgeni na ufuate masharti yao, pale si pikiniki, watu wako kwenye ibada.

Kwa wasiopajua, Palitana ni mji mdogo wilaya ya Bhavnagar, na mlima wake Shatrunjaya una mahekalu zaidi ya 800, kuu kuliko yote likiwa la Adinath, wa kwanza kati ya tirthankara wao 24, yaani walimu wao watakatifu. Ngazi zinapita 3,000. Siku za kawaida unapanda, unaabudu, unashuka, basi. Lakini siku ya 13 ya mwezi wa Fagan, mwezi wa angani ukiwa bado unakua, hawarudi njia ile ile, wanazunguka mlima kwa nyuma kama kilomita 18 hivi mpaka Siddhavad, chini ya mlima, kwa sababu wanaamini ndiyo siku Shamb na Pradyumna, wana wa Krishna, walipata ukombozi, yaani hawazaliwi tena duniani, pamoja na watawa wengi sana. Hiyo ndiyo Chha Gau.

Sasa cha kwanza, anza kupanda usiku bado, saa tisa saa kumi hivi uwe umeshafika chini ya ngazi, maana jua la Gujarat mwezi wa tatu halina utani na wengi wanapanda peku kwa heshima, yale mawe ikifika saa sita mchana yanaunguza nyayo. Kama huwezi peku vaa soksi nene za pamba au raba za kitambaa. Ngozi usiguse kabisa, mkanda, pochi, kamba ya saa, vyote acha chumbani. Chukua na fimbo, zinakodishwa pale pale chini, na usione aibu, utaishukuru wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa kweli ule mteremko wa nyuma ndio unaomaliza magoti.

Halafu tumbo. Mlimani hakuna kula, hata karanga, hata pipi, kwa hiyo shiba jana yake, na ushibe kabla jua halijazama kwa sababu baada ya hapo jikoni kwenye nyumba za wageni za Wajaini hawapakui tena. Viazi, vitunguu, karoti havimo, mizizi hawali. Maji yapo njiani, yamechemshwa, simama unywe kila kituo hata kama hujasikia kiu.

Wazee na wagonjwa wanabebwa kwenye doli, kiti kinachoning'inia kwenye mti mabegani mwa wapagazi, ukisikia wanapiga kelele nyuma yako sogea ukutani haraka. Na wenzangu Waislamu, huko huko juu kuna kaburi la Angar Pir, mtakatifu wa Kiislamu, wanawake wanaotafuta mtoto huacha pale vitanda vidogo vya watoto kama nadhiri. Mimi sikutegemea kabisa kuliona kwenye mlima ule, nikasimama nikasoma Fatiha yangu.

Ndani ya mahekalu usipige picha, na usisogelee sanamu, wanaozigusa wameoga na wamevaa nguo maalumu na kitambaa mdomoni.

Ukifika Siddhavad utakuta mahema mengi ya jumuiya za Wajaini, wanawaosha mahujaji miguu, wanawalisha bure mtindi na dhebra, vichapati vya unga wa uwele. Hawakuulizi dini. Tukiwa kwenye foleni tunapiga stori zetu mzee mmoja akageuka, "Nyie wanangu mwatoka wapi?" Kiswahili cha Mombasa kabisa! Tukamwamkia shikamoo, akasema kazaliwa Mombasa, akaanza kutusimulia hekalu lao la marumaru nyeupe kule mjini, na hakukubali tuondoke mpaka tumeongezwa mtindi. Kwa hiyo angalia unachosema kwa Kiswahili pale, wenye kukielewa wapo.

Chumba tafuta mapema sana kupitia rafiki yako Mjaini, wiki ile mji unajaa, na kesho yake usipange mtihani wala safari ndefu, miguu itagoma.