Ugali wa Mtama Ulinidanganya Miaka Miwili

Nilipoambiwa nina kisukari, kila mtu hapa Kisumu alinipa ushauri mmoja: acha ugali mweupe, kula wa mtama na muhogo. Nikatii. Nikawa namega matonge mpaka nishibe kabisa, maana niliamini hicho ndicho chakula cha mgonjwa.

Miaka miwili baadaye nikanunua mashine ya kupima sukari. Kabla ya chakula cha mchana ilisoma 7.8 (kwa kipimo cha mmol/L). Saa mbili baada ya ule ugali wa mtama, 14.6. Nilishtuka. Kesho yake nikala ngege (samaki aina ya sato) na osuga (mnavu) vilevile, ila ugali nikaukata kipande kisichozidi ngumi yangu: 9.1. Mtama, wimbi, muhogo, mahindi, vyote ni wanga, na wanga ukishasagika tumboni huwa sukari. Unga usiokobolewa huipandisha polepole zaidi, lakini kiasi ndicho kinachoamua.

Sisi wa kando ya ziwa tuna bahati. Samaki kama omena, ngege na mbuta hawana wanga, bora usiwapake unga wa ngano kabla ya kukaanga. Mboga kama osuga, dek, apoth na sukuma zina kidogo sana. Siku hizi nikitoka soko la Kibuye kikapu kimejaa mboga, na mboga hujaza nusu ya sahani. Kiamsha kinywa ni mayai na parachichi, uji nimeuacha. Kilichonitesa ni chai. Nilikuwa naweka vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, na ilinichukua karibu mwezi ulimi kuzoea.

Sasa hili nakuomba ulishike sana: usipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wako kuhusu dawa. Mimi nilikuwa natumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Siku ya nne nikatoka jasho jembamba, mikono ikatetemeka, mashine ikasoma 3.2. Chini ya 4 ni hatari. Nilikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikapima tena baada ya dakika 15. Daktari akapunguza dozi wiki hiyohiyo. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo, lakini anayejidunga insulini, mjamzito au mwenye shida ya figo asijaribu peke yake.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilikuwa asilimia 9.6. Baada ya nusu mwaka kikashuka hadi 6.8.

Mama mkwe alichukia mwanzoni. Kumwachia ugali mezani aliona ni dharau, na nilimweleza mara nyingi kwa upole huku nikiongeza samaki. Mwezi uliopita aliniita jikoni, akanyoosha kidole, akasema, "Nipime na mimi." Alikuwa hajala tangu usiku. Ikasoma 11.3. Jumatatu tunaenda kliniki pamoja.