Mende, Kiboko na Shimo la Kwanza

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Mchezaji gofu mwoga, acheze peke yake au ajiunge na wengine?" Nililisoma swali hilo nikiwa dukani kwangu hapa Kisumu, katikati ya magunia ya chakula cha kuku, nikacheka hadi mteja akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mimi. Swali hilo nimelibeba kwenye mfuko wa fimbo mwaka wa tatu sasa.

Jibu fupi, kwa anayesoma huku matatu ikijaza: ajiunge. Ila asikimbilie kujiunga leo, na asijiunge na yeyote tu.

Nilianza gofu nikiwa na miaka 44. Jirani alihamishwa kikazi, akaniuzia fimbo zake kwa bei ya mbuzi mmoja, nami nikaona haya kuziacha stoo ziliwe na kutu. Kijana mmoja alinifundisha kupiga kwa wiki sita. Baada ya hapo, kwa karibu mwaka mzima, sikucheza na mtu. Kila Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshafika, umande bado umelala kwenye nyasi, wafanyakazi ndio kwanza wanakata mashimo mapya. Wenye kujua gofu walipokuwa wakiegesha magari yao, mimi nilikuwa natoka langoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi kama mtu anayedaiwa.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Ubawa wangu niliukimbiza vizuri sana.

Lakini niseme ukweli, sikuwa peke yangu kabisa. Kwetu Kenya si rahisi ucheze bila kedi. Kuna mtu anayebeba mfuko wako, anaona mpira ulikoangukia, na anaona pia yale ambayo ungependa asiyaone. Kedi wangu ni mtu wa maneno machache, na kwa miezi ile yote hakuniuliza hata siku moja kwa nini sichezi na watu. Anayedhani kedi ni mbeba mizigo tu na amwangalie Dismas Indiza wa Mumias: alianza kwa kubebea wengine fimbo, akaja kuwa mchezaji wa kulipwa ambaye jina lake linajulikana nje ya mipaka yetu. Kwa hiyo mwoga wa Kenya ana bahati. Mtazamaji wa kwanza anapewa pamoja na mfuko.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa nacheza Jumatano hizo. Mpira ukipotelea kwenye nyasi ndefu, natoa mwingine mfukoni. Ule wa kwanza ulikuwa wa kupasha misuli. Ukisimama hatua moja kutoka shimoni, naokota, maana huo si ni kama umeingia? Nikikosa mpira kabisa, fimbo ikapiga hewa, hayo yalikuwa mazoezi. Kwa hesabu hiyo nilipata mapigo 104, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye bora, nikampelekea mume wangu kadi. Akaibandika kwenye friji.

Siku niliyocheza na watu kwa mara ya kwanza nilipata 139. Tukirudi kuelekea maegesho nikamuuliza kedi haya 35 yametoka wapi. Akafikiri kidogo, akahamisha mfuko bega la pili.

"Madam, hayajatoka popote. Hata Jumatano huwa yapo. Ni vile huwa hatuyahesabu."

Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaomwambia mwoga ajifungie peke yake "mpaka awe tayari". Peke yako hujitayarishi kwa gofu. Unajitayarisha kwa mchezo mwingine unaofanana nao, ambao sheria zake umezitunga wewe na mwamuzi ni wewe. Na kuna jambo la kikaratasi pia: katika mfumo wa hendikapu, yaani idadi ya mapigo ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na ubovu wake, unaotumika duniani tangu 2020, raundi uliyocheza peke yako haihesabiki. Lazima awepo angalau mtu mmoja pamoja nawe. Unahitaji kadi za mashimo 54 upate hendikapu ya kwanza, na hendikapu ya juu kabisa ni 54 vilevile, idadi ambayo sisi wabovu tunaijua kama namba ya simu ya nyumbani. Ungecheza Jumatano 50 kama mimi, bila mchezaji mwenzako na bila kuhesabu kila pigo, kwenye vitabu hujacheza hata shimo moja.

Niwarudishe kwenye ile siku ya 139. Wazee wawili na mhasibu mmoja kijana walikuwa wamebaki watatu. Wa nne wao alikuwa ameenda matanga Siaya. Kedi ndiye aliyeniuza. Nilisikia anawaambia, "Huyu madam yuko," nikageuka kuona ni madam gani.

Shimo la kwanza liko karibu na veranda. Hapo ndipo watu wanapokunywa chai, na anayebuni viwanja vya gofu namna hiyo sidhani kama aliwahi kuogopa kitu maishani. Niliinama kuweka mpira juu ya tii, kile kijiti cha kuuinulia, ukaanguka. Nikauweka tena, ukaanguka. Mara ya tatu niliona vidole vyangu vinatetemeka kama vya mtu aliyekunywa kahawa tupu tangu alfajiri. Kedi akapiga goti kando yangu, akauweka yeye, akasema chini chini bila kuniangalia: "Pumua. Hao wanaangalia simu."

Nikainua kichwa. Kweli. Mhasibu alikuwa anatuma pesa. Mzee mmoja alikuwa anatafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani kwake. Wa pili ndiye aliyekuwa ananitazama, na hata huyo alikuwa anatazama viatu vyangu.

Nilipiga. Mpira ulikimbia chini chini kama kuku aliyefukuzwa jikoni, ukasimama hatua 30 mbele.

"Umeenda mbele," akasema jaduong', yule mzee wa miwani.

"Mbele ni mbele," akajibu mwenzake, wakaanza kutembea.

Sikucheza vizuri siku hiyo, msidhani hadithi inaelekea huko. 139 ni 139. Lakini usiku sikulala nikijilaumu, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba kila mmoja wao alikuwa na shughuli ya kutosha na mpira wake.

Hapa niingize mende, na mtanisamehe, nauza dawa yao. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Robert Zajonc na wenzake huko Marekani waliwakimbiza mende kwenye njia zenye kuta angavu. Mende hupenda giza, kwa hiyo ukimwashia taa anatafuta pa kujificha. Njia ikiwa imenyooka, mende aliyekuwa anatazamwa na mende wengine alikimbia kasi kuliko aliye peke yake. Njia ikiwa na kona ya kufikiria, yule anayetazamwa alichelewa. Zajonc alikuwa ameshaandika tangu 1965 kwamba kuwepo kwa wengine kunakuza kile ambacho tayari kimekukaa mwilini. Kama kilichokukaa ni sahihi, utafanya vizuri zaidi mbele za watu. Kama ni kosa, kosa litanenepa.

Kwa maoni yangu hilo linamaliza nusu ya mjadala wenu. Upweke una kazi yake, na kazi hiyo ni kukaza kitu kimoja mwilini hadi kisihitaji kufikiriwa. Kimoja tu. Mimi nilichagua chuma namba 7, fimbo ya umbali wa kati. Niliacha draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, nyumbani miezi miwili, nikapiga namba 7 mpaka mkono ukaijua kama unavyojua kitasa cha mlango wa choo usiku. Mpaka leo, shimo la kwanza mbele ya veranda, natoa namba 7. Mpira hauendi mbali, na watu wanaopenda kushauri huniambia hapo ni pa draiva. Wacha wapige wao.

Hofu kubwa ya mwoga, nikiwauliza wenzangu, wala si kuchekwa. Ni kuchelewesha watu. Unaona kundi la nyuma limesimama limeshika viuno, unaanza kupiga haraka haraka, na ukiharakisha ndio unaharibu, ukiharibu ndio unachelewa. Dawa yake ipo kwenye sheria zenyewe. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, zamani zilikuwa 5. Zikiisha, umepotea, twende. Pia sheria zinahimiza aliye tayari apige, si lazima kungoja aliye mbali zaidi na shimo. Na kuna hesabu ya Stableford, ambayo mimi naiita huruma ya daktari, maana aliyeibuni, Frank Stableford, alikuwa daktari Mwingereza. Shindano la kwanza la mtindo wake lilichezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Humo unahesabu pointi kwa kila shimo badala ya kujumlisha mapigo. Shimo likikushinda kiasi kwamba huwezi tena kupata pointi, unaokota mpira, unatia sifuri, unashika bendera ukiwangoja wenzako. Hakuna anayekungoja wewe. Waambie mapema, kabla ya pigo la kwanza: "Mimi nikizidiwa naokota." Nimeona mabega ya watu yakishuka kwa raha nikisema hivyo.

Kuhusu wa kujiunga nao. Niliwahi kualikwa kwenye klabu nyingine, siitaji, nikapangwa na bwana mmoja mwenye glavu mpya aliyejifanya mwalimu wangu. Kila nikisimama: kiwiko, bibi. Kila nikimaliza: umeinua kichwa. Kufikia shimo la tano nilikuwa sijui hata mkono upi ni wa kushoto. Shimo la tisa nikamwambia nina mgonjwa nyumbani, nikaondoka. Mgonjwa alikuwa mimi. Ningekuwa na siku hiyo tu ya kukumbuka, ningewajibu leo kwamba mwoga akae peke yake maisha yake yote.

Kwa hiyo usijipeleke kwa kikundi kwa kuangalia mavazi. Muulize kedi. Kedi anajua nani hurusha fimbo akikosa, nani hucheza kwa pesa na hataki mgeni, na nani hupiga fupi fupi, mpira umenyooka, mdomo umefungwa. Hao wa mwisho mara nyingi ni wazee waliostaafu. Marafiki zako wa karibu waache kwanza, na mume mwache kabisa. Wangu tulicheza naye mara moja, tukarudi nyumbani redio ikizungumza peke yake.

Jambo dogo la pembeni. Mwaka jana nilienda Nakuru kwa harusi, nikapata nafasi ya kucheza na watu nisiowajua, mpira ukawa unaruka mbali kuliko kawaida yangu. Nikajiambia woga umekwisha, mimi sasa ni mtu mwingine. Jumapili nikarudi Kisumu, Jumanne namba 7 ikarudi kuwa ile ile. Kedi ndiye aliyenieleza: Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, sisi huku ziwani tuko kama 1,130. Hewa ya kule ni nyepesi, haiushiki mpira. Nilinyamaza hadi shimo la nne.

Na kwa watu wa Kisumu kuna sababu moja ya ziada ya kutopenda upweke, hasa wa jioni. Kiboko huanza kutoka majini jua likizama, akitafuta nyasi, na nyasi za uwanja wa gofu ni tamu kuliko za porini. Klabu ya Nyanza ya enzi za ukoloni ilikuwa na sheria yake, inayotajwa mpaka leo: mpira ukisimama karibu mno na kiboko au mamba, angusha mwingine mahali salama bila adhabu, mradi usisogee karibu zaidi na shimo. Siku hizi Kanuni ya 16.2 inasema kitu kama hicho kwa uwanja wowote duniani wenye mnyama hatari. Niliwahi kuhama kutoka asubuhi kwenda saa kumi na mbili jioni, wiki mbili tu. Jioni ya pili tulisikia kitu kinavunja matete upande wa maji. Hatukukiona. Nilimuuliza kedi ile sheria inasemaje, akaanza kunieleza huku anatembea kwa kasi kuelekea klabu na mfuko wangu, sentensi nikaimalizia mwenyewe nikimfuata mbio.

Siku hizi Jumamosi nacheza na wale wazee wawili. Mhasibu alihamia Eldoret. Jumatano bado nazipenda, sitawadanganya. Ukimya ule wa asubuhi, korongo kwenye maji, hakuna simu ya duka. Nacheza mashimo 9, mpira mmoja, kila pigo linaandikwa, hata la hewa, na mpira unasukumwa mpaka uingie ndani ulie.

Jumatano iliyopita nilipata 63. Shimo la saba peke yake lilikula 11. Kedi aliandika, akanipa kadi, akasubiri kuona kama nitaomba kalamu.

Msomaji wenu,
Mama wa duka la mifugo, Kisumu