Usiazime Filimbi ya Mtu: Kwa Wanawake Mnaoanza Kuongoza Timu

Kwa miaka 11 nimefundisha soka la wasichana mjini Tanga, mwanzo nikiwa kocha wa kujitolea asiye na cheti chochote, baadaye nikiwa na leseni ya ukocha daraja D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na katikati ya safari hiyo nimezaa watoto wawili. Kila mwaka hunijia wasichana na akina mama vijana waliokabidhiwa timu ya shule, ya kata au ya mtaa, na swali lao la kwanza karibu siku zote ni lile lile: nifanyeje ili waniogope? Ninajua linakotoka, kwa sababu nami nilianza nalo, na ndilo lililoniharibia msimu wangu wa kwanza.

Wakati ule nilikuwa na kocha mmoja tu wa kumuiga, mwanamume aliyenifundisha nilipokuwa sekondari, mwenye kifua kipana na maneno makali kwa kila aliyepoteza mpira. Nikachukua kila kilichokuwa chake: filimbi tatu za haraka, mikono kiunoni, kufoka, hata utani wake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu haikunisitiri hata wiki tatu. Kiungo wangu bora, msichana wa miaka 14, aliacha kuja. Jumapili nikaenda kwao nikiwa nimejiandaa kumlaumu mzazi, nikamkuta bibi yake uani anachagua mchele, akanikaribisha mkekani na kuniambia taratibu, "Mwalimu, mjukuu wangu anasema ukianza kufoka anasahau mguu wake wa kulia ni upi." Sikuwa na la kujibu. Nilikaa nikamsaidia kuchagua mchele ule mpaka ukaisha, na Jumatano yake msichana alirudi mazoezini.

Kuanzia hapo nilianza kujiuliza sauti yangu mwenyewe ikoje, na aliyenifundisha jibu hakuwa kocha wala mkufunzi wa kozi, alikuwa kipa wangu. Alikuwa na mikono mizuri na macho mazuri, lakini sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mabeki waliokuwa mita 10 mbele yake hawakuisikia. Nilimsimamisha langoni nikamwambia apige kelele kama mimi. Alijaribu, sauti ikakatika, wenzake wakacheka, na siku iliyofuata akawa kimya kuliko mwanzo. Nikaacha kumsukuma. Nikampa maneno matatu tu ya kutumia, "Wangu!", "Ondoa!" na "Pandisheni!", kisha nikamwomba asiongeze ukali wa sauti bali aseme mapema, yaani neno litoke wakati krosi bado iko mguuni mwa mpinzani. Tulirudia zoezi hilo dakika 15 kila siku, mimi nikipiga krosi kutoka pembeni, yeye akitamka, mabeki wakitii bila kugeuka. Baada ya mwezi mmoja hivi mabeki walikuwa wanamsikia vizuri, ingawa sauti yake haikuwa imekua sana. Ilikuwa inafika kabla ya kelele nyingine zote. Tangu siku hizo sijamwambia msichana yeyote kwamba hajiamini, kwa sababu neno hilo halimpi kazi ya kufanya, ilhali kusema "Wangu!" nusu sekunde mapema ni jambo analoweza kulifanyia mazoezi leo jioni.

Kwa kocha mgeni hali ni hiyo hiyo. Ujasiri wangu wa kusimama mbele ya wasichana 22 hautoki moyoni, unatoka kwenye daftari. Nikifika uwanjani nikiwa nimeandika zoezi la kupasha mwili moto, koni ngapi zinahitajika, nani amalize mapema kwa sababu goti linamsumbua, na nitasema nini mvua ikinyesha, sina haja ya kufoka. Nikifika mikono mitupu, naanza kumtafuta mkosaji ndani ya dakika 10. Jichunguze utaona.

Ninapozungumza na akina mama wanaorudi uwanjani baada ya kujifungua, humtaja mkimbiaji Faith Kipyegon wa Kenya, ila sianzii kwenye medali kama wengi wanavyofanya. Mimi huanzia kwenye kalenda. Alishinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akajifungua binti Juni 2018, akapata medali ya fedha katika Mashindano ya Dunia ya Doha Oktoba 2019, akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki jijini Tokyo Agosti 2021, na rekodi yake ya kwanza ya dunia akaiweka Florence, Italia, tarehe 2 Juni 2023, kwa dakika 3 na sekunde 49.11. Tangu alipojifungua hadi rekodi ile ni miaka 5, na huyo ni mwanariadha ambaye kukimbia ndiyo kazi yake. Wewe unayeamka saa 11 alfajiri kukoroga uji wa watoto, ukaenda kazini, kisha ukafika mazoezini saa 10:30 jioni, usijipe miezi mitatu halafu ukajihukumu kwamba umekwisha.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Baada ya mtoto wa kwanza nilirudi wiki ya 10, na katika mechi ya kwanza nilikwenda kunyonyesha nikiwa nimejificha katika stoo ya uwanja. Mapumziko ya dakika 15 yalikwisha kabla mtoto hajashiba, timu ikarudi uwanjani bila maelekezo, na tukafungwa bao kupitia upande ule ule niliokuwa nimepanga kuuzungumzia. Mechi iliyofuata nilikaa kwenye kreti la soda katikati ya wachezaji, kanga begani, mtoto kifuani, nikazungumza kuhusu mabeki wa pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho. Wasichana hawakushangaa hata kidogo, na aliyeshangaa ni kamisaa wa mchezo, yaani msimamizi wa mechi, ambaye alitazama kando na hakuandika chochote katika ripoti yake. Siku hizo ndipo watu uwanjani walipoanza kuniita Mama Fulani badala ya Kocha, na kwa muda liliniudhi, nikiona kama cheo kimevuliwa. Sasa naitikia yote mawili. Kitu pekee ninachokataa ni kuitwa Mama Fulani na mwamuzi wakati ninapouliza kuhusu kadi nyekundu.

Jueni na haki zenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mwanamke nchini Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na baada ya kurudi kazini muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. FIFA nayo, tangu mwaka 2021, inazitaka klabu zimpe mchezaji wa kulipwa likizo isiyopungua wiki 14, angalau 8 kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wa mkataba. Tatizo ni kwamba haki hizi humfuata mwenye mkataba, na wengi wetu tunafundisha kwa nauli na ahadi. Kabla hujaanza, andikeni na viongozi wa klabu karatasi moja inayosema utalipwa nini, atakayeshika timu ukiwa umejifungua ni nani, na kwamba utairudia nafasi yako. Watacheka. Waache wacheke, ilimradi wameweka sahihi.

Kuhusu kukosea mbele za watu, nitarudi tena kwa Kipyegon. Tarehe 26 Juni 2025 jijini Paris alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya, huku dunia ikitazama, na akalikosa kwa zaidi ya sekunde 6. Siku 9 baadaye, huko Eugene, Marekani, alishusha rekodi yake ya mita 1500 hadi dakika 3 na sekunde 48.68. Mimi kosa langu halikutazamwa na dunia, lilitazamwa na watu kama 60 na mbuzi wachache: nilimtoa mshambuliaji ambaye hakuwa amechoka, kwa sababu mzee mmoja jukwaani alikuwa akinipigia kelele nimtoe, na tukafungwa dakika za mwisho. Nililala vibaya. Kesho yake niliwaambia wachezaji kwamba nilisikiliza jukwaa badala ya kuutazama mchezo, nikamtaja mshambuliaji kwa jina na kumwomba radhi. Nilitarajia heshima ipungue. Kilichotokea ni kwamba wiki ile wasichana wawili walikuja kuniambia majeraha waliyokuwa wakiyaficha.

Na wasichana wanaficha mengi. Weka taulo za kike katika begi la huduma ya kwanza, mahali ambapo mtu anaweza kuchukua bila kuomba, na ukiagiza jezi usikubali bukta nyeupe. Hata mashindano ya tenisi ya Wimbledon mwaka 2023 yalikubali wanawake wavae nguo za ndani za rangi ya giza chini ya sare nyeupe. Kama mzazi anahofia stara, mweleze kwamba tangu mwaka 2014 sheria za soka zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa, kisha mwalike aje atazame mazoezi. Mama mmoja aliyekuja kukagua ndiye anayetuletea maji siku hizi.

Kuna sehemu moja ambayo siwezi kuizungumza kwa wepesi. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten, Kenya, Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Wenzake walianzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake katika riadha. Msichana anayeanza kupata zawadi na posho huzungukwa haraka na watu wanaojiita meneja, mlezi au mchumba, na kiongozi anayejali huuliza maswali yasiyopendeza: kadi ya benki anaishika nani, namba ya siri anaijua nani, nani anamrudisha nyumbani baada ya magharibi? Katika timu yangu hakuna mtu mzima anayemwandikia mchezaji ujumbe wa faragha, mimi nikiwamo. Kila taarifa hupita katika kundi la simu ambamo wazazi wamo. Nilipoanzisha utaratibu huo msaidizi mmoja aliona nimemtuhumu, akaondoka. Sikumzuia.

Vikao vya chama navyo vina mambo yake. Katika kikao changu cha kwanza, nikiwa mwanamke pekee mezani, niliombwa nihudumie chai na niandike muhtasari. Chai niliikataa kwa adabu, nikisema mgongo unauma; muhtasari niliukubali kwa furaha, na sijutii, kwa maana anayeandika muhtasari ndiye anayejua kilichoamuliwa, na miezi miwili baadaye uwanja waliotuahidi siku za Jumanne na Alhamisi ulipatikana kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Ukiwa na hoja, iseme mapema kikaoni kabla ya watu kuanza kutazama saa, kwa sauti yako ya kawaida, kama kipa wangu.

Mwisho ni suala la kuachia. Nahodha wangu wa sasa ana miaka 17, si mzungumzaji, na anaongoza kwa kufika wa kwanza na kupanga koni kabla yetu sote. Tangu mwaka jana nimempa dakika 20 za mwanzo wa kila zoezi aziendeshe peke yake, na mimi hukaa chini ya mwembe nikiandika mahudhurio, mdomo nimeufunga kwa nguvu zote. Ana namna yake ambayo si yangu: hapigi filimbi, huinua mkono tu na kungoja, na wenzake hukusanyika. Alhamisi iliyopita nilichelewa na mipira nilikuwa nayo mimi. Alinitazama, akatazama saa yake, akasema, "Kocha, tumepoteza dakika 12." Nilimwomba radhi, nikamkabidhi mipira, nikaenda kukaa kivulini.