Kabla hujalipa hiyo TV ya 4K, nenda Kariakoo na rula

Mkuu, usilipe. Hiyo advansi ya 50,000 ambayo winga, yule dalali anayekutafutia wateja na mzigo madukani, anaidai leo jioni ili akushikie mzigo, usiitume. Umeuliza kuhusu TV ya inchi 43 kwa 560,000, ukauliza uchukue king'amuzi kipi, bando lipi la Netflix, na kama kuna haja ya kuongeza spika. Mimi nilipofika kwenye "imeandikwa 4K kwenye boksi na winga amenihakikishia" nikaacha chakula mezani nije kuandika. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyoniliza.

Novemba 2022, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, nilinunua TV ya aina hiyo hiyo Kariakoo. Inchi 43, stika ya dhahabu kwenye kona imeandikwa 4K Ultra HD, bei 620,000. Laki tatu zilikuwa zangu. Zilizobaki zilikuwa za mama, mgawo wake wa kikoba, alinikabidhi kwenye bahasha Morogoro akaniambia anataka TV ya kuangalia video ya harusi ya mdogo wangu, aone watu vizuri. Dukani ilikuwa imewashwa pamoja na nyingine nyingi, zote zinaonyesha samaki wa rangi na maua, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Kwa video zile na mwanga ule kila TV inapendeza. Winga akafungua menyu, akanionyesha palipoandikwa 3840 x 2160, yaani nukta 3840 kwa upana na 2160 kwenda juu, ndiyo 4K yenyewe. Nikatoa hela. Hapo ndipo nilipopigwa.

Tukafika nyumbani, tukaitundika, nikachomeka flashi yenye video ya harusi, iliyopigwa kwa kamera ya 4K kweli. Picha ikatoka kama imefunikwa na chandarua. Shela la bibi harusi, lile lenye maua madogo ya kudarizi, lilikuwa doa jeupe tu. Watu wa meza za nyuma hawana nyuso. Mama akainuka kwenye kochi, akasogea, akasogea tena mpaka karibu na kioo, akaniuliza, "Mimi niko wapi hapa?" Alikuwa meza ya tatu, amevaa kitenge cha njano. Nikamfungulia video ile ile kwenye simu yangu, akajiona mpaka hereni.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa mtaani kwetu. Alikuja na rula ya shule. Akaniambia niweke picha nyeupe tupu kwenye TV, akailaza rula juu ya kioo, akapiga picha na simu kwa karibu sana kisha akaikuza. Utaona vijistari vyekundu, kijani na bluu vimepangana. Vitatu hivyo kwa pamoja ni pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Tukahesabu kutoka alama ya sentimita moja hadi inayofuata. Zilikuwa 14.

Sasa nisikilize, maana hesabu yenyewe ni nyepesi. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Kama ni 4K, pikseli 3840 zimegawanywa kwenye sentimita hizo 95, unapata kama 40 kwa kila sentimita. Full HD, yenye 1920 kwa upana, utahesabu 20. Ukipata 14, hiyo ni 1366 x 768, pikseli milioni moja na kidogo, wakati 4K ina zaidi ya milioni 8. Mimi nilikuwa nimelipia nane nikapewa moja. Kumbuka hesabu hii ni ya inchi 43. Kwenye inchi 55 pikseli ni kubwa zaidi, 4K utahesabu kama 31 au 32.

Na wanavyocheza ni hivi. Ubao wa ndani unaweza kupokea video ya 4K, ukaikamua mpaka ienee kwenye kioo chenye pikseli chache. Kwa hiyo ukimbana muuzaji atakwambia "inasoma 4K", na kweli inasoma, ila haionyeshi. Menyu nayo ni maandishi tu, aliyetengeneza programu anaandika anachotaka. Boksi, stika na menyu vyote vimeandikwa na mtu anayetaka hela yako. Kioo ndicho pekee usichoweza kukibandika stika kikabadilika.

Nilirudi dukani nikiwa na picha za rula kwenye simu. Winga hayupo, namba haipatikani. Mwenye duka akasema hamjui, wakati siku ile aliniletea soda akiwa amesimama naye bega kwa bega! Risiti niliyokuwa nayo ni ya mkono, imeandikwa "TV 43" basi, hakuna modeli, hakuna neno 4K, na chini pamegongwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana wa YouTube niliyemtazama kabla ya kununua, aliyeiita TV ile "mnyama" ndiye ananiuma zaidi, kwa sababu yeye nilimwamini. Nilirudia video yake baadaye. Dakika 11 zote alikuwa palepale dukani, na samaki wale wale. Hakuwahi kuifikisha nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda na rula, flashi yenye picha nyeupe tupu, na simu yenye kamera inayopiga vitu vya karibu. Sema unataka kupima kabla ya kulipa. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya rula ya 500, umeshapata jibu lako, toka. Ikipita, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iandikwe modeli pamoja na neno 4K, hata kama foleni nyuma yako inalalamika.

Bando: Netflix ya 4K inakula hadi GB 7 kwa saa na inataka intaneti ya Mbps 15, ya HD ni hadi GB 3. Kama unatumia bando la simu utaishia kwenye HD, na hapo Full HD ya kweli ya bei hiyo hiyo itakufaa kuliko 4K ya stika. Mkiwa hapo dukani fungua Netflix pia. TV yangu ilikuwa imewekewa Netflix ya simu, ambayo rimoti haiwezi kuichagulia kitu mpaka uchomeke mausi, na picha haikuzidi mistari 480, chini ya HD. TV ambayo haijaidhinishwa inabanwa hapo hata ukilipia kifurushi kikubwa.

Mama bado anaangalia ile ile. Harusi anaiangalia kwenye simu ya mjukuu.

Kesho ukiwa pale piga picha ya rula uiweke hapa kabla hujatoa shilingi, nitakuhesabia mwenyewe.